Yetu Ipi?

"Sukari ya nini, Melitón? Kuna harusi hapa?"

Melitón akacheka kidogo, akaushusha mfuko karibu na jiko la samadi. "Jamani! Mtu hawezi kumletea dada yake sukari?"

"Mtu anaweza. Wewe huwezi. Nakujua tangu unanyonya."

Melitón alikuwa amevaa koti la mgodi, lile lenye mistari inayong'aa. Kazi yake ilikuwa kulinda bomba linaloshusha matope machafu kutoka mgodi wa shaba, kule juu kwenye theluji, hadi bwawani. Bwawa hilo sasa lilikuwa limejaa pomoni. Wakubwa walikuwa wamepanga kuchimba lingine, juu kidogo tu ya chemchemi wanakokunywa maji alpaka, wale wanyama wa sufu, wa dada yake Hilaria. Leo kijiji kingepiga kura, na Melitón ndiye angemtafsiria injinia wa mgodi.

Hilaria akampakulia supu ya viazi vikavu, akala. Akamkaribisha maji ya chemchemi. Melitón akasema atakunywa baadaye. Machale yakamcheza Hilaria. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii ilikuwa ya mgodi.

"Niambie kweli. Hilo bwawa litavuja?"

Melitón akatazama mlangoni kwanza. "Nina watoto shuleni, dada."

"Nimekuuliza bwawa, sikukuuliza watoto."

"Injinia ataeleza. Mimi mdomo tu."

Mdomo tu! Hilaria alikereka. Baba yao alikufa kijiji kizima kikimwamini, na leo mwanawe anauza ulimi kama anauza vitunguu. Aliuacha ule mfuko wa sukari palepale, bila kuufungua.

Mkutano ulifanyika uwanjani pa shule, upepo ukipiga kofia za watu. Injinia Larrañaga alikuwa amebandika ramani ukutani. Bwawa lilichorwa kwa rangi ya buluu nzuri, ungedhani watoto wataogelea humo.

"Muone huyo injinia anavyochekacheka," Casimira, jirani yake, akamnong'oneza. "Kama muuza ng'ombe kilema."

"Na mdogo wangu ndiye ameshika kamba," Hilaria akajibu kwa uchungu.

Injinia alisema kwa Kihispania, Melitón akageuza kwa Kikechua. Ukuta utakuwa mnene. Chini patatandikwa turubai gumu. Watu wakatafuna majani yao ya koka, wakaitikia kwa vichwa. Zee zima la kijiji, Fortunato mbishi, naye akaanza kulainika. Hilaria akaona mambo yamekwisha.

Kisha injinia akaweka mkono kifuani. Maji yetu, alisema, yatabaki salama daima.

"Yakuyku," Melitón akatafsiri, "yatabaki salama daima."

Taya zikaacha kutafuna.

Kikechua kina "yetu" mbili. Kuna yetu ya sisi sote, mimi pamoja na wewe unayenisikiliza. Na kuna yetu ya sisi bila wewe, na ndiyo iliyomo katika "yakuyku", maji yetu. Mtoto anayejifunza kusema hazichanganyi, seuze mtu mzima aliyezaliwa hapa. Kwa maneno yake mwenyewe, Melitón alikuwa amekiambia kijiji kuwa maji ya wenye mgodi yatakuwa salama. Ya kijiji hakuyataja.

Ulimi hauna mfupa, Hilaria aliwaza. Sasa umemponyoka, na siri imetoka. Akasimama kwa hasira.

"Mdogo wangu! Umesema yetu ipi?"

Injinia akamgeukia Melitón. "Mama anauliza nini?"

"Anataka nirudie, injinia."

"Rudia, rudia!"

Melitón akamtazama dada yake. Uso ulikuwa umempauka, na mikono ilikuwa imelishika koti pindoni. Hakujikwaa safari hii. Akalitamka polepole, silabi moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwonyesha kipofu ngazi:

"Ya-ku-yku."

Hilaria akakaa chini. Haikuwa kuteleza ulimi hata mara ya kwanza; alikusudia. Aibu ikampanda hadi masikioni, na nyuma yake ikaja hofu, kwa ajili ya mdogo wake na wale watoto wake shuleni.

"Vizuri sana," injinia akasema. "Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Melitón akatafsiri. Mikono yote ikabaki ndani ya mashali na mifukoni.

"Wameelewa kweli?"

"Wameelewa, injinia," Melitón akajibu.

Injinia akatabasamu, akaunyoosha mkono wake mwenyewe juu kabisa ili kuwaonyesha namna ya kupiga kura, na akaendelea kuushikilia pale, peke yake, upepo ukimvuta mkono wa koti.