Kibali cha Ladha

Asubuhi lori lilipofika kijijini Nyantakara kukusanya Warundi, Verediana alikuwa anageuza buni juani. Ulikuwa mwaka 1997. Mumewe, Minani, alikuwa ameishi hapo miaka ishirini na mitano, tangu alipovuka mpaka akiwa kijana, na mbegu za kahawa amezifunga kwenye kitambaa. Mibuni yake ilizaa matunda yanayoiva yakiwa ya njano, na kahawa yake ilikuwa na ladha ya asali na ndizi za kuchoma. Hakuna mwingine Biharamulo aliyekuwa nayo.

Askari walisema Warundi wote watakaa kambini. Minani aliomba avae shati, wakamruhusu. Akapanda lori, na ladha ikapanda pamoja naye.

Verediana aligundua kesho yake. Alikaanga kahawa, akatwanga, akachemsha. Ilikuwa nyeusi na ya moto, lakini mdomoni ilikuwa maji. Akaongeza kijiko. Maji. Akaenda kuiangalia mibuni. Ilikuwa mizima kabisa.

Kule kambini, Ngara, ladha ilikaa kwenye hema la Minani. Mahindi ya mgao yaliyopikwa humo yalikuwa na asali na ndizi za kuchoma. Baada ya wiki mbili majirani walianza kuleta sufuria zao na kuziacha mlangoni kwa muda kabla ya kula. Walipozidi, Minani akawapangia zamu.

Msimu ulipofika, bwana shamba Malongo alikuja kwa Verediana, akaonja kahawa, akatema.

"Shikamoo mama. Hii imepatwa na nini?"

"Marahaba. Ladha yake mmeipeleka kambini."

Malongo aliandika. Siku iliyofuata alikwenda kambini, akala bakuli moja la mahindi mlangoni kwa Minani, akathibitisha. Kisha akapeleka taarifa ofisini.

Baada ya wiki tatu alirudi na karatasi yenye muhuri. Alisema mbegu hiyo ni adimu na wakubwa hawataki ipotee, kwa hiyo ladha imeruhusiwa kutoka kambini. Verediana aende tu na gunia, atie sahihi langoni, arudi nayo.

"Na Minani?"

"Kibali ni cha ladha, mama."

"Nimezaa naye watoto wanne hapahapa."

"Najua. Lakini ni Mrundi."

"Na ladha je? Si ilivuka naye kwenye kitambaa kilekile?"

Malongo aliisoma karatasi upya, mbele na nyuma. Hilo halikuandikwa.

Verediana alikwenda. Alipanda basi hadi Ngara, akatembea hadi langoni akiwa na gunia tupu kichwani. Harufu ilimpokea akiwa bado barabarani, mate yakamjaa mdomoni. Minani alikuwa amesimama nyuma ya seng'enge, na shati lake lilimpwaya.

"Umekonda," alisema Verediana.

"Mibuni umeipogoa?"

"Nimeipogoa yote."

"Wamesema umekuja kuichukua ladha."

"Wamesema wao."

Karani wa langoni alifungua daftari, akamwonyesha pa kutia sahihi. Verediana hakuishika kalamu.

"Andika nimekataa. Ladha bila mwenyewe siipokei."

"Hapa hakuna sehemu ya kukataa."

"Andika pembeni."

Karani aliandika pembeni, kwa herufi ndogo. Minani alicheka kwa sauti mpaka watu wa mahema ya jirani wakatoka kutazama. Verediana alicheka pia, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akakunja gunia akaondoka.

Mwaka huo alivuna kama kawaida. Malongo alipopita tena alimkuta ameshafunga gunia zima la kahawa iliyokaangwa.

"Mpelekee huyo aliyepiga muhuri," alisema Verediana. "Asinilipe kitu. Mwambie hiyo ndiyo kahawa ya Minani bila Minani. Ikiisha nitaleta nyingine."

Malongo alilifunga gunia kwenye pikipiki, akalifikisha na maneno yote. Ofisini waliitengeneza kahawa hiyo kila siku saa nne. Walionja, wakatazamana, wakaongeza sukari, kisha wakaendelea na kazi. Ilipoisha, Verediana alileta nyingine. Minani aliendelea kukaa kambini, na hapakuwa na siku ambayo watu wa ofisi ile walikosa kikombe.