Ng'ombe wa Sebuleni

Asubuhi ile mshonaji aliingia sebuleni kuchukua mkasi aliokuwa ameuacha juu ya televisheni, akamkuta ng'ombe amesimama kati ya kochi na meza. Alikuwa ng'ombe mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mgongo wa kochi kama mgeni aliyechoshwa na safari. Mshonaji alimzunguka, akachukua mkasi, akarudi kwenye cherehani. Alikuwa na sare za shule za kumalizia, na wenyewe walishaanza kumsumbua.

"Msogezeni kidogo," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. "Amenizibia redio."

Mume wa mshonaji alikuwa fundi friji. Watu wote walimwita Minofu, kwa sababu hakuwahi kukubali kuwa amekula kama hakula nyama. Asubuhi supu, mchana nyama, jioni nyama tena, na mboga za majani alizisogeza pembeni ya sahani kwa ncha ya kijiko. Tangu mwezi uliopita kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu kama nyanya, hata shuka likikigusa aliuma meno. Daktari alimweleza kuwa ni jongo. Alimwambia apunguze nyama, ale maharage na mboga, anywe maji kwa wingi. Minofu alimshukuru sana daktari, na njiani akapitia buchani.

Sasa alikuja akichechemea, akasimama mlangoni, akamtazama ng'ombe kwa muda.

"Namfahamu," alisema.

"Ni yupi?" mkewe aliuliza.

"Siyo mmoja. Ni wote niliowala."

Taabu haikuwa nafasi. Taabu ilikuwa maji. Mtaani kwao mabomba yalitoa maji kwa nadra, na kila nyumba iliyahifadhi kwenye pipa la plastiki uani. Ng'ombe alitoa kichwa dirishani, akalifikia pipa, akanywa bila pupa mpaka likabaki tope la chini. Kila siku Minofu alipokula nyama, ng'ombe aliongezeka kimo na kiu. Pembe zilianza kukwaruza dari.

"Baba watoto, sina hata maji ya kusuuzia vikombe," mshonaji alisema.

"Amekunywa ng'ombe."

"Ng'ombe ni wako."

Kuanzia jioni ile Minofu aliacha nyama. Kwa siku kadhaa alikula viazi na kachumbari kwa uso wa mtu aliye msibani, na ng'ombe akalala chini, akawa anacheua taratibu. Mama mkwe alipata pa kupumzishia miguu, akasema mbavu zake zina joto zuri.

Kisha jioni moja Minofu alichelewa kurudi kutoka kazini. Kabla hajafungua mlango, ng'ombe aliinuka ghafla na mgongo wake ukapasua taa.

"Umekula nini?" mama yake alimwuliza gizani.

"Chai tu, mama."

"Chai gani hiyo yenye mifupa?"

Ng'ombe alitoa kichwa dirishani, akamaliza pipa lote. Mshonaji aliwasha mshumaa. Ulikuwa wakati wa mama mkwe kunywa dawa zake za presha, na kikombe alichopewa kilikuwa kitupu.  Bibi aliweka vidonge mdomoni, akavitafuna vikavu, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, akameza. Minofu alikuwa amesimama akishikilia ukuta, mguu mmoja hewani, akiona yote hayo. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

"Kesho nipikie maharage," alimwambia mkewe.

"Utajipikia. Mimi nina sare."

Akajipikia. Sufuria ya kwanza iliungua. Ya pili aliloweka maharage tangu jana yake, akayakaangia vitunguu na nyanya, akachuma na mchicha alioupanda mkewe nyuma ya choo ambao hakuwahi kuuona ingawa aliupita kila siku.

"Yamepungua chumvi," mama yake alisema, "lakini yanalika." Akaomba kijiko kingine.

Hapo ndipo mambo yalipolegea. Uvimbe ulipungua mpaka kiatu kikaingia. Ng'ombe naye alisinyaa. Pembe ziliachana na dari, na pipa likaanza kubaki na maji nusu, kisha zaidi. Sikukuu ilipofika Minofu alikula kipande kidogo cha nyama, akamtazama ng'ombe kwa wasiwasi. Ng'ombe alitikisa sikio tu.

Siku alipofikia kimo cha ndama na kuweza kupita mlangoni, ng'ombe alitoka mwenyewe. Mshonaji alimfuata kwa nyuma. Walipanda kwa miguu kando ya mto uliokauka, ndama mbele, mama wa watu nyuma, mpaka kwenye uzio mrefu wa waya. Ndani kulikuwa na shamba la mifugo ambalo mwisho wake hauonekani, nyasi mbichi, mifereji imejaa, na mabomba manene yaliyozamishwa kwenye mto pale ambapo bado ulikuwa mto. Malori yalikuwa yakipakia ng'ombe.

Mlinzi alimfungulia ndama lango bila kuuliza kitu.

"Wewe hapana, dada," akamwambia mshonaji. "Anaingia yeye tu."

"Hayo maji yakishatumika, yanarudi mtoni?"

"Mimi nalinda lango, dada yangu."

Mshonaji alirudi nyumbani akawasimulia. Mama mkwe alizima redio, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe maji ndiko yanakoishia, akawasha redio tena. Minofu alimpakulia mkewe sahani iliyojaa.

Alipokwisha kula, mshonaji alikwenda kukaa sebuleni. Chumba kilikuwa kipana. Upepo uliteremka kutoka kule juu ukiwa na muungurumo wa mashine za kuvuta maji, ambazo hazikuwa zimesimama, na mabomba ya mtaani yalikuwa makavu vilevile. Kutoka uani alimsikia mumewe akimjazia mama yake kikombe, mpaka juu, na bibi akisema basi, inatosha, mwanangu. Mshonaji alinyoosha miguu yote miwili juu ya kochi, akapitiwa na usingizi.