Safari Kumi na Mbili za Dizeli

Wiki ile fundi makochi alikuwa hakaliki. Mtu mzima na ndevu zake, akikaa anasimama, akisimama anakwenda mlangoni, akifika mlangoni hakumbuki alifuata nini. Alipigilia springi za kochi la mteja upande usio wake, akazing'oa, kisha akazirudisha palepale zilipotoka. Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani akishona vitambaa vya kochi hilohilo, alimtazama kwa juu ya miwani. Akamwambia kama ni kahawa imemkaa vibaya aseme, na kama ni pikapu basi achague moja yaishe, maana mchagua nazi hupata koroma.

Ilikuwa pikapu. Miaka tisa wawili hao walikuwa wakitengeneza makochi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, mume mbao na sponji, mke vitambaa, na miaka yote tisa walipeleka mzigo kwa gari la kukodi. Na gari la kukodi mnalijua. Linakuja likipenda, na dereva wake atakutazama unavyohangaika na kochi la watu watatu mlangoni bila kushika hata mguu mmoja wa kochi. Mwaka huu akiba yao ilikuwa imetimia, jasho la wote wawili, na magari yaliyobaki mezani yalikuwa mawili. Moja ni la petroli, jeupe, liko yadi ya kando ya kituo cha mafuta. La pili ni la dizeli, la kijani, mali ya mzee mmoja mpima ardhi aliyestaafu.

Hilo la pili lilinuswa na Plagi. Plagi ni fundi magari, rafiki wa fundi makochi tangu wakiwa shuleni. Jina alilipata gereji, kwa sababu bosi wake wa kwanza alimsafishisha plagi miaka mitatu kabla ya kumruhusu kushika spana kubwa. Hana unafiki, Plagi. Alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa akamweleza rafiki yake kinagaubaga. La petroli ni nafuu kulinunua, vipuri vyake vimejaa kila duka, likikohoa unabadilisha plagi nne maisha yanaendelea. Ila linakunywa. La dizeli linakunywa kwa adabu na linavuta mzigo bila kununa, lakini bei yake iko juu, oili na filta zinataka kubadilishwa mapema, na siku pampu au nozeli za kunyunyizia mafuta zikigoma utauza kochi lako mwenyewe ukae sakafuni.

"Kwa hiyo usiniulize gari gani zuri," alisema. "Niambie unakwenda wapi, na mara ngapi. Kwa hizi mbili, ukivuka kilomita elfu ishirini kwa mwaka, dizeli inakulipa. Usipofika, chukua petroli ukalale."

Alipoondoka Plagi, usingizi nao ukaondoka.

Fundi alichukua penseli yake ya useremala akaandika kwenye kipande cha ubao. Kupeleka makochi, kufuata mbao, kufuata sponji: kilomita mia mbili kwa wiki. Mara wiki hamsini na mbili, elfu kumi na mia nne. Hapo hesabu ilikuwa imeshasema petroli kwa sauti kubwa, na mtu mwenye akili zake angekwenda yadi asubuhi na mapema. Yeye aliizunguka meza, akarudi, akaandika mstari mwingine chini yake: Mama.

Mama yake alikuwa akiishi kilomita mia nne kutoka hapo, peke yake, na bustani yake na redio. Kila Jumapili fundi alimpigia simu, na kila Jumapili mazungumzo yalifika mahali palepale. Mwezi ujao nakuja, mama. Naye mama, ambaye hakuwahi kumlaumu, na afadhali angemlaumu, alijibu vilevile: haya mwanangu, mwezi ujao si mbali. Sasa fundi aliandika: kwenda na kurudi, mia nane. Mara miezi kumi na mbili, elfu tisa na mia sita. Akajumlisha. Elfu ishirini, kamili kama imepimwa kwa rula.

Angefurahi, sivyo? Hakufurahi. Aliufuta mstari wa Mama, akaurudisha, akaufuta tena mpaka ubao ukatoka manyoya. Ukweli ni kwamba kununua la petroli kulimtisha, na si kwa sababu ya mafuta. Kununua la petroli kulikuwa kukiri mbele ya mkewe, mbele ya Plagi na mbele ya nafsi yake kwamba haendi. Na mama alikuwa na miaka sabini na minane.

Mkewe aliuona ubao asubuhi, alipokuwa akitafuta mkasi. Aliusoma wote, na hakucheka, ingawa ni mwanamke wa kucheka.

"Baba watoto, mwaka jana ulikwenda kwa mama mara ngapi?"

Akasema mwaka jana kulikuwa na zile oda za hoteli.

"Na mwaka juzi?"

Mara moja, akasema. Mkewe akamkumbusha taratibu kwamba hiyo mara moja ilikuwa mazishi ya mjomba, na kabla ya hapo ilikuwa mazishi ya jirani wa mama, yule mwenye ng'ombe. Fundi akapandisha sauti, akasema hakuwa na gari, mtu ataendaje bila gari, akiwa na gari ataona. Mkewe akasema mabasi yapo kila siku. Kisha akakaa kwenye cherehani, akauliza swali ambalo mumewe alilibeba siku nzima kama mwiba ndani ya kiatu: hizo safari kumi na mbili, zinanunua gari, au gari ndilo litakalozinunua? Fundi alikwenda mlangoni, akarudi.

Jumamosi wakaenda wote watatu kuliona la kijani. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, karibuni. Mpima ardhi alikuwa mrefu, kainama kidogo, na alilitoa turubai juu ya gari kwa kulikunja pembe kwa pembe. Loo, gari lilikuwa zuri. Bodi haina mkwaruzo, viti bado vina harufu ya duka. Fundi alichungulia kwenye dashibodi akahisi moyo unaruka: miaka minane, kilomita elfu arobaini na moja tu. Alimkonyeza mkewe. Alikuwa ameshaanza kuliona kochi la watu watatu limelala nyuma, limefungwa kamba.

Plagi hakumkonyeza mtu. Aliwasha injini, na moshi mweusi ukatoka ekzosi ukaenda kutua kwenye nguo zilizoanikwa za jirani. Alikanyaga mafuta, akasikiliza, akakanyaga tena. Akamuuliza mzee, kwa heshima zote, gari hili linakwenda wapi siku hizi.

Sokoni, alijibu mzee. Na kuchukua pensheni.

"Ndiyo maana," alisema Plagi. Akawaeleza kwamba kwa gari la petroli kilomita chache ni sifa, lakini dizeli ya safari za sokoni haipati moto wa kutosha, inajijaza masizi yake yenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Naye akaongeza kwamba ya dizeli isiwe fupi. Alisema hivyo kwa mzaha tu, lakini fundi aliangalia pembeni, na mkewe akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

Mzee hakukasirika. Alishika mlango wa gari, akaupapasa.

"Nililinunua la dizeli kwa ajili ya baba yangu," alisema. "Alikuwa mbali, siku nzima ya barabara. Mimi maisha yangu yote nimepima ardhi za watu, umbali naujua. Nikapiga hesabu, nikaona nikienda kila mwezi, dizeli itanifaa."

Fundi alitaka kunyamaza. Maneno yakamtoka yenyewe. "Ukaenda mara ngapi, mzee?"

"Mara mbili. Ya kwanza nilimpelekea gari alione, akakaa hapo mbele, tukazunguka naye. Ya pili nilikwenda kumzika." Alitoa mkono kwenye mlango. "Gari ni zuri. Kosa si la gari."

Plagi alizima injini, akafungua boneti ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa. Fundi aliondoka pale, akaenda mpaka ukutani, akarudi, akaenda tena. Mwanamume mzima halii kwa sababu ya kilomita, kwa hiyo akakohoa. Aliporudi alimuuliza Plagi kwa ukali, kama wanagombana, atajuaje kama injini hii ni nzima.

Plagi akajibu kutoka chini ya boneti kwamba kwa kusikiliza tu haiwezekani kujua. Haijafa, imechoka kukaa. Inataka barabara ndefu, saa tano au sita bila kupoa, masizi yaungue. Ikitoka huko bado inatoa moshi huu, akachukue petroli. Ikitoka safi, wazungumze bei.

"Saa sita," alisema fundi.

"Kama hizo."

Fundi alimtazama mkewe. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi, na kulikuwa na kochi la mteja la kumalizwa Jumatatu. Mkewe alifunga mkoba wake. Akasema mdogo wake atabaki na watoto, na mteja wa Jumatatu tangu lini akalipa Jumatatu. Plagi akamwambia mzee kwamba dhamana ni yeye, hawa wakitokomea na gari, aje achukue gereji na madeni yake yote. Mzee aliingia ndani, akatoka na funguo, na mto mdogo wa kuegemea mgongo.

"Ulikuwa wa baba," alisema. "Kiti cha mbele hakimfai mtu mzima bila mto. Huwezi kujua utampakia nani."

Walisimama kituo cha mwisho wa mji kujaza mafuta. Kando yake ilikuwa ileile yadi, na pikapu nyeupe ya petroli imeoshwa inang'aa, bei yake imeandikwa kwenye kioo. Mhudumu akauliza petroli au dizeli, na fundi, kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze, akajibu bila kufikiri. Pampu ilipokuwa ikihesabu alishuka, akasimama mbali kidogo, akapiga simu.

"Mama, nakuja."

"Haya mwanangu. Mwezi ujao si mbali."

"Leo, mama. Niko njiani, na mkwe wako. Saa kumi tutakuwa hapo."

Fundi alisikia redio ikizimwa. Akasikia kitu kinawekwa chini, ndoo au sufuria, na pumzi za mama zikikaribia simu. Sauti ilipokuja ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayejiandaa.

"Nani amekufa?"

Fundi aligeuka akamtazama mkewe ndani ya gari, ameuweka ule mto mapajani. Mkewe alikuwa akimwangalia, naye hakumsaidia.

"Hakuna aliyekufa, mama," alisema. "Ndiyo maana nakuja."

Mama akauliza kama watakuwa wamekula, au awape kitu wakifika.