Mjane Asiye na Maiti

Padri hakuwa mtu mbaya, ila sheria ilikuwa sheria: mke wa ndoa hafungi nyingine mpaka ijulikane kwamba mume wa kwanza amekufa. Na Modesti, mume wa Cornelia, hakuna aliyemwona akifa. Alikuwa mchochea kuni katika meli ndogo ya Mjerumani iliyozamishwa ziwani, karibu na Kipili, wakati wa vita vya kwanza. Wengine walisema alizama nayo. Wengine, wale wasiokosa la kusema, walidai yuko Kongo anakula mawese na mke mnene.

Basi Cornelia akakaa kijijini Kate miaka arobaini, si mke, si mjane. Alfonsi, rafiki wa Modesti aliyetaka kumwoa, naye akakaa akimngoja. Alimlimia ulezi, akamwezekea nyumba, akala ugali wake barazani, kisha akaaga akaenda kwake. Cornelia alimpenda mtu huyu mpaka akaona aibu kwa umri wake. Mara ngapi aliutazama mgongo ule ukipotelea kwenye mahindi, akatamani kumwita arudi, akajiuma ulimi!

Mwaka ule Saad, mfanyabiashara wa Sumbawanga, alipita Kate na lori lake, kalipakia Mzungu na mitungi ya chuma.

"Shikamoo mama. Bwana huyu anabeba hewa mgongoni, anazama mpaka kwenye ile meli ya Mjerumani. Anatafuta kengele yake."

"Marahaba. Kengele ya nini?"

"Mzungu na vitu vya kale, mama, mimi nitajuaje?"

Cornelia hakucheka. "Mwambie amtafute mume wangu."

Cornelia na Alfonsi wakafunga safari, na Padri akamtuma katekista Flavian aende nao, akasikie kwa masikio yake.

Kule Kipili Mzungu alivaa mitungi, akaruka kutoka kwenye mtumbwi, yakabaki mapovu. Watu wakayakodolea macho. Alfonsi alikuwa anasali, na alijua anachokiomba: maiti ya rafiki yake. Mungu na amsamehe, maana alisali kwa bidii.

Mzungu alitoka anatetemeka. Saad akatafsiri: "Anasema penye boila, pale kuni zilipochochewa, pana mifupa ya mtu mmoja. Hakuigusa. Ila hii ilikuwa kando, kwenye tope."

Ilikuwa bangili ya shaba.

"Mama Cornelia," akasema Flavian, "unaitambua? Ukisema ni yake, nitalifikisha neno kwa Padri."

Bangili ya Modesti ilikuwa imesokotwa. Cornelia alilala kando ya mumewe mwaka mzima, ikimwachia alama shingoni. Hii ilikuwa laini, nene. Pale ufukweni walioijua tofauti walikuwa wawili tu, na Alfonsi, aliyekua pamoja na Modesti, alitazama mchanga akanyamaza. Maneno mawili tu, ni yake, na arusi ingetangazwa Jumapili. Nani angeumia?

Akaigeuza. Mtu alikuwa ameigonga nyundo upande mmoja, polepole, ipungue imkae mwenyewe vizuri mkononi. Aliyefanya hivyo alimpenda.

"Si yake," akasema. "Huyu ana mwenyewe. Ulizeni Kirando, ulizeni Kasanga. Kuna mwanamke anamngoja."

Wakati wa kurudi kwa miguu Alfonsi alitangulia, hasira zikimpandisha mlima kuliko miguu. Cornelia alimkuta amekaa juu ya jiwe, anahema.

"Ungesema tu ndiyo."

"Nimwibie mwenzangu mume wake ili nikupate wewe?"

"Nimezeeka, Cornelia."

"Najua. Nilikuwa nakutazama."

Wakaenda mpaka njia panda ya Kate. Alfonsi akaaga, akashika njia ya kwake. Alipogeuka, Cornelia alikuwa nyuma yake.

"Njia yako ni ile," akamwambia.

"Kumsingizia maiti nimeshindwa," akasema Cornelia, "na kukuacha uende nako nimeshindwa. Padri ataninyima Komunyo, nitakaa benchi la nyuma na wenye dhambi wenzangu. Tembea basi, miguu inaniuma."

Alfonsi hakutembea. Alisimama katikati ya njia, mzee mzima, akalia.