Mtungi wa Saba Ulikuwa Umeshiba

Mchana wa jana niliota, nikiwa nimejilaza ukumbini nikisubiri birika lichemke.

Kwanza niseme habari ya mume wangu, Shaame. Kwa miaka arubaini na moja, kila alasiri, aliniita kutoka barazani: "Mize, chai bado?" Nami nikimjibu, "Hebu tulia, moto haukimbizwi!" Tangu apatwe na kiharusi mwezi wa Rajabu, hajatamka neno. Hufungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

Mjukuu wetu Raya husomea mambo ya sauti chuo kikuu. Alipokuja likizo alinieleza kazi yao. Wamepanga mirija safu moja. Sauti ikienda kulia, kila mrija huiongezea nguvu. Ikirudi kushoto, kila mrija huipunguza. Basi piga kelele popote utakapo, sauti yote hukimbilia ukingo wa kulia ikarundikana huko.

"Ina tabia mbaya hiyo mirija yenu," nilimwambia. Alicheka, akaendelea kunikanda miguu.

Ndotoni ukumbi wetu umekuwa mrefu kama barabara. Mitungi saba imepangwa ukutani, kuanzia mlango wa jiko. Raya amesimama hapo na koti jeupe la kazini, ana umri wa miaka sita na pengo mdomoni.

"Bibi, vua makubadhi," ananiambia. "Mlio wake utakutangulia."

Navua. Mtungi wa kwanza umekonda, mbavu zinahesabika.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Sauti ya mume wangu imepita hapa?"

"Imepita. Niliinenepesha, nikaitia bakulini, nikampelekea jirani."

"Jirani akakurudishia nini?"

"Bakuli."

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu. Ndiyo kanuni."

Nalichukua bakuli, nashika njia ya kulia. Kila mtungi ninaoupita, nanenepa. Kwenye wa tano kanga haizunguki tena. Hakuna anayeshangaa.

Mtungi wa saba uko pembeni kabisa, umevimba hadi darini, unatoka jasho. Ndani nasikia majogoo, cherehani ya jirani yangu Bi Time, na kicheko cha marehemu mama yangu.

"Nimeshiba mpaka naona haya," unasema. "Wananiletea tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka."

"Pole, mwanangu." Naufuta jasho kwa ncha ya kanga.

Mtungi unafungua mdomo. Chini kabisa namsikia Shaame, mkubwa kama lori: "MIZE, CHAI BADO?"

Naitia sauti bakulini, nafunika kawa, naanza kurudi kushoto. Lakini kila mtungi unanyosha mkono na kukwangua kidogo.

"Samahani, bibi. Kanuni."

Kwenye wa nne, sauti imekuwa ya mbu. Kwenye wa pili nafunua kawa: hamna kitu. Nami nimekonda mpaka Raya ananishika kanga nisipeperushwe.

Narudi tena pembeni, mtungi wa saba unanijazia bakuli upya. Hata sikasiriki, watoto hufundishwa. Nasimama katikati ya ukumbi, ambao sasa ni uwanja wa kuanikia karafuu, na jua ni kali.

"Nyinyi hamkulelewa?" nauliza. "Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea futari, bakuli lake unalirudisha na chochote, hata ndimu moja."

Mitungi inatazamana.

"Hatukuambiwa," unasema wa tatu. "Kwenye karatasi ya Raya haimo."

Raya anaikagua karatasi yake. "Kweli, Bibi. Haimo."

Nafungua fundo la kanga. Nina karafuu sita, za jino langu linaloniuma. Nautia kila mtungi moja, kuanzia wa saba hadi wa pili. Mabakuli yanaanza kurudi kushoto, jirani kwa jirani, kila moja na karafuu yake, na safari hii hakuna anayekwangua. Sauti inafika mtungi wa kwanza ikiwa nzima. Mtungi uliokonda unalishika bakuli kwa mikono miwili.

"Na wewe, Bi Mize? Huyu mzee amekuletea bakuli hili kila alasiri. Ulikuwa ukimrudishia nini?"

Nageuka nyuma. Naona mabakuli arubaini na moja ya miaka yangu, yote matupu, yameoshwa vizuri.

Fundo halina tena karafuu. Basi nainamia bakuli nasema ndani yake, taratibu: "Tayari, mume wangu. Karibu."

Nikaamka. Birika lilikuwa likitokota.

Fundo la kanga lilikuwa limefunguka, tupu. Nilijiambia karafuu sita nilizofunga asubuhi zimedondoka, nikapapasa mkekani, sikuona hata moja. Nikapika chai ya tangawizi tu, nikampelekea Shaame barazani.

"Tayari, mume wangu. Karibu."

Alinitazama kama mtu aliyeguswa bega. Akanywa polepole, kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Kisha akanirudishia kikombe.

Ndani yake, chini kabisa, palikuwa na karafuu moja.

Nilipoinua macho, midomo yake ilikuwa ikihangaika. "Mi…" alisema. Sauti ndogo, kama ya mbu. "Mi…"

Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake. Jina langu zima liko njiani, na karafuu tano zilizobaki zinakuja nalo. Sina haraka. Moto haukimbizwi.