Mbegu za Mlimau wa Marehemu

Salale! Mama Miche alirudi kutoka sokoni akakuta mbegu zote za mlimau zimetandazwa juani, zimekauka kau.

"Nimekuanikia, mwanangu," mama mkwe wake alisema kwa furaha. "Nimeziosha, nikazigeuzageuza, hata moja haina unyevu."

"Mama! Kwani haya maharage? Mbegu ya mlimau ikikauka imekufa!"

Maskini bibi wa watu! Maisha yake yote alilima mahindi na kunde, na mbegu hupandi mpaka ikauke. Angejuaje?

Lakini hasara ilikuwa hasara kweli. Mlimau ule aliupanda marehemu mume wa Mama Miche. Kila mchungwa uliotoka kwenye kitalu chao ulibebeshwa, yaani uliungwa, juu ya mche wa mbegu zake, maana mizizi yake haikuoza hata udongo ukijaa maji. Sasa mchwa walikuwa wameumaliza, umeanguka, na malimau yaliyotoa mbegu zile ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Mama Miche alizipanda hivyo hivyo. Wiki ya tatu kimya, ya tano kimya. Mama mkwe naye akanyong'onyea, chakula hakipiti, akaanza kufungasha nguo zake kwenye mfuko wa safari ahamie kwa binti yake. "Nimemzika mwanangu mara ya pili," alijisemea jikoni. Mama Miche alisikia, roho ikamuuma. Aliujutia ukali wake, akarudi kuzimwagilia zile mbegu.

Wiki ya saba alikwenda kwenye shimo la mboji kuchota udongo wa kujazia viriba, vile vifuko vya kupandia miche. Alipoondoa majani makavu ya pembeni, akaganda. Miche ilikuwa imejazana, mingine miwili mitatu kutoka mbegu moja, kama ilivyo kawaida ya mlimau ule. Akachuma jani, akalifikicha, akanusa. Ndio wenyewe!

"Mama! Nani alitupa malimau humu?"

Bibi akaja mbio. "Ni mimi. Yale yaliyokuwa yameoza, yalikuwa yananuka. Nisamehe, mwanangu, nimeharibu nini tena?"

Mama Miche alimkumbatia, koleo likiwa bado mkononi, analia huku anacheka. "Hujaharibu kitu. Zilikaa kwenye unyevu, zikaota! Umeniokoa, mama. Ahsante. Na maneno yangu ya siku ile, nisamehe mimi."

Wakakaa chini, wakaanza kuitoa miche polepole, mzizi usikatike. Mama Miche akauweka kando ule ulionyooka kuliko yote.

"Huu hatuubebeshi. Tutaupanda mbele ya dirisha lako, uwe wa mbegu. Ukizaa, mbegu utazishughulikia wewe."

"Mimi tena? Nikizianika je?"

"Wewe anika nguo, mama. Malimau tupa shimoni."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia chumbani, akamwaga nguo zake kitandani, akarudi na ule mfuko wa safari wabebee miche.