Mluzi Chini ya Boneti

Mzee Wenseslaus alilirudisha gari kwa Abasi kwa mara ya tatu tangu masika yaishe, na safari hii hakuficha kwamba amechoka. Lilikuwa gari kuukuu la kabla ya vita vikuu, alilouziwa na mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa akifunga shamba lake. Likisimama, lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Likianza kupanda Kibosho lilikohoa na kushtukashtuka, na petroli iliyokuwa ikimtosha kushuka mjini na kurudi sasa ilimwishia njiani, akasukumwa na watu wanaotoka misa.

“Shikamoo, mzee,” Abasi alisema.

“Marahaba. Fundi, umeniongezea petroli mara mbili, na mara mbili gari limezidi kuumwa.”

Ilikuwa kweli. Kila alipoletewa, Abasi alisafisha plagi, akarekebisha platini za kuwashia, kisha akazungusha skrubu ya kabureta ili injini ipate petroli zaidi, kwa kuwa ule mtetemeko ulikuwa wa injini yenye njaa. Gari lilitulia siku chache tu. Sasa alipozifungua plagi alizikuta nyeusi tii, zimevaa masizi. Plagi za namna hiyo hazirushi cheche vizuri, na masizi yale yalikuwa dalili ya petroli kuzidi. Injini ina njaa na imevimbiwa kwa wakati mmoja? Abasi hakuwahi kuona jambo kama hilo.

Aliwasha gari, akainama, akatega sikio. Mtaa mzima wa Njoro ulimjua kwa hilo. Watu walisema fundi Abasi hahitaji kufungua injini, anaisikiliza tu, na ndivyo alivyofanya kazi tangu vitani, alikotengeneza malori ya jeshi.

“Sisikii ubaya wowote,” alisema.

“Na huo mluzi?”

“Mluzi gani?”

“Huo hapo.” Mzee Wenseslaus alinyoosha kidole. “Unapiga tangu Kwaresima. Mke wangu Mektrida huusikia akiwa jikoni, akajua nimefika. Sikukutajia kwa sababu kila siku unauinamia, nikadhani ni wa kawaida.”

Abasi aliinama tena. Alisikia mdundo wa injini. Alisikia sauti nzito ya mzee. Mluzi hakuusikia. Akachukua kopo la oili, akadondosha matone pale ambapo bomba la kuingiza hewa na petroli linaungana na injini. Oili ikafyonzwa ndani, na mkono wake mwingine, uliokuwa umelala juu ya ubavu wa gari, ukahisi mtetemeko ukikoma.

“Mluzi umekatika,” Mzee Wenseslaus alisema. Punde injini ikaanza kutetemeka upya. “Umerudi.”

Abasi alidondosha tena, na safari hii alitazama uso wa mzee, hakutazama injini. Oili ilipoingia, uso ule ulitulia. Ilipokwisha, mzee alikunja kipaji. Basi gasketi ya kuziba maungio yale ilikuwa imepasuka, hewa ikawa inaingia kwa wizi, na yeye Abasi alikuwa akiimwagia injini petroli ili kuifunika hewa hiyo, mpaka plagi zikazama kwenye masizi. Mluzi ungemwambia yote hayo siku ya kwanza.

Alizima injini, akaketi juu ya sanduku la spana.

“Mzee, nitakupa mgongo. Sema kitu, lakini kwa sauti ndogo, kama unasema na mtu chumbani.”

Aligeuka, akatazama ukuta wa mabati. Alingoja. Alipoona kimya kimezidi, aligeuza shingo. “Anza basi.”

“Nimeshamaliza,” Mzee Wenseslaus alisema kwa upole. “Nimesali Salamu Maria yote.”

 Abasi hakuwaza gari wala wateja. Alimwaza Mwamvita.

Alimwoa aliporudi kutoka vitani, na waliishi vizuri. Kisha, katika mwaka wao wa mwisho, ilikuwa kama mke wake amebadilika. Anaongea ndani ya meno. Abasi akimwambia aseme vizuri, anajibu kwamba ameshasema mara tatu. Abasi aliona ni dharau, naye akaacha kuuliza. Halafu ikaja mimba waliyoingoja kwa miaka. Ilipotimiza miezi mitano, asubuhi moja Mwamvita alichelewa kuamka. Abasi alichutama mlangoni akafunga kamba za viatu, mgongo wake ukielekea chumbani, akaenda kazini. Mchana jirani yao, Bi Mwantum, alikuja mbio kumwambia mimba imeharibika. Abasi alimkuta Mwamvita kitandani, akamuuliza, “Kwa nini hukuniambia kwamba unaumwa?” Mwamvita alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani. Tangu siku ile hakumsemesha tena, na Abasi, aliyeumia kwa kufichwa, alimpa talaka. Eda ilikwisha. Sasa Mwamvita alikuwa mke wa Fikirini, mkulima wa Chekereni.

Abasi alikata gasketi mpya, akaifunga, akapunguza petroli, akasugua plagi mpaka zikang’aa. Injini ikatulia.

“Haya, tulijaribu barabarani,” alisema. “Twende nalo Chekereni.”

Gari lilikuwa na ugonjwa wa milimani, na barabara ya Chekereni ni tambarare tupu. Mzee Wenseslaus alimtazama usoni, akaingia nyuma ya usukani bila kuuliza.

Fikirini aliwapokea akitoka shambani, matope yamemfika magotini. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti kubwa. Aliposikia jina la Abasi alimkagua kwa macho, kisha akawakaribisha wakae barazani.

“Sikuja kwa ubaya,” Abasi alimwambia. “Nina swali moja kwa mkeo, nalo nataka niliulize mbele yako.”

Fikirini aliita. Mwamvita akaja, akasimama mlangoni, kanga imemfunika kichwa. Alikuwa amenenepa kidogo.

“Mwamvita,” Abasi alisema, “leo nimejua kwamba masikio yangu yamekufa. Hayasikii sauti ndogo, na sijui ni tangu lini. Asubuhi ile, nilipokuwa nafunga viatu, ulisema kitu?”

Midomo ya Mwamvita ilisogea. Ilisogea, ikatua, ikasogea tena. Abasi aliiangalia kwa nguvu zake zote.

“Hujasikia?” Fikirini aliuliza.

“Sijasikia.”

Fikirini alimgeukia mkewe, naye akaitikia kwa kichwa. “Anasema alikuita,” Fikirini alisema, lakini alikuwa ameshusha sauti kwa heshima, na Abasi akalazimika kuinama mbele na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Ikabidi Fikirini apaze. “Alikuita! Alikwambia anatoka damu, usiende, mwite mkunga. Alilia. Wewe ukafunga kamba za viatu ukaondoka.”

Maneno yale yalifika mpaka kwa majirani. Mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele nyumba ya pili aliacha kupepeta.

“Nilidhani ulinificha,” Abasi alisema.

Mwamvita aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Alipouondoa, alisema tena, na Fikirini akayapaza maneno yake. “Anasema aliamini kwamba humtaki, na mtoto humtaki.”

“Nilimtaka. Nilikutaka. Niwie radhi, Mwamvita.”

Hapo Mwamvita alizungumza kwa muda mrefu. Hakuwa akimtazama mumewe, alimtazama Abasi, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Halafu akaingia ndani. Fikirini alibaki akibandua tope kavu mkononi.

“Amesema nini?” Abasi aliuliza.

“Amesema uende salama.”

Abasi alijua kwamba maneno yale yalikuwa mengi kuliko hayo. Lakini aliyekaa mbele yake alikuwa mume wa Mwamvita, tena hakumfanyia ubaya wowote, na Abasi hakuona namna ya kumwomba zaidi. Alimpa mkono, akamshukuru.

Walirudi polepole. Gari lilikwenda laini, na mshale wa petroli ulikuwa umeteremka kidogo sana. Karibu na Njoro, Abasi aliona mdomo wa Mzee Wenseslaus ukicheza.

“Naomba urudie, mzee.”

Mzee alipunguza mwendo, akamgeukia ili uso wake uonekane wote. “Nimeuliza, mtoto alikuwa wa kiume au wa kike?”

Abasi alitazama nje, kwenye migomba ya kando ya barabara.

“Sijui,” alisema. “Labda niliambiwa.”

 Mzee Wenseslaus alimshusha mbele ya karakana, akangoja mpaka Abasi alipofungua mlango, ndipo akashika njia ya kupanda Kibosho.